MZIGO ULIOCHELEWA NJIANI: NAMNA YA KUUFUATILIA MPAKA UFIKE MPANDA

Miongoni mwa maswali yanayomtoa jasho katibu wa chama cha msingi mbele ya mkutano wa wanachama, hili ni mojawapo: "Kitu tulichokilipia kiko wapi?" Swali hilo ni la haki. Fedha zimetoka katika chama, hati ya malipo imetiwa sahihi na Mwenyekiti na Katibu, wiki zimepita, na ghala ni tupu. Katibu akijibu tu kwamba mzigo "uko njiani," jibu hilo huenda likawa la kweli kabisa, lakini halimridhishi mkulima ambaye tumbaku yake inamngoja mnunuzi. Minong'ono huanza, na haichukui muda minong'ono ikageuka tuhuma.

Makala haya yanaeleza jinsi mzigo unavyosafiri mpaka kufika Mpanda, kwa nini huzunguka, kwa nini wakati mwingine habari zake hukatika, na hatua ambazo yampasa katibu kuzichukua ili aweze kuwaambia wanachama, kwa ushahidi, mahali mzigo wao ulipoonekana mara ya mwisho na nani aliyekuwa ameushika.

MADHARA YA MZIGO KUCHELEWA

Uchukuliwe mfano wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku. Mizani ya chama imeharibika wiki chache kabla ya masoko kufunguliwa. Kipande kinachohitajika ni kidogo, kinaweza kubebwa mkononi, nacho kinapatikana kwa muuzaji aliyeko Dar es Salaam. Chama kinalipa, muuzaji anatuma, na kipande hakifiki.

Hasara ya jambo hili haikomei katika bei ya kile kipande. Bila mizani hakuna soko. Tumbaku iliyokwisha kufungwa mitumba hukaa ghalani. Ikikauka mno huvunjika na kupungua uzito, ikishika unyevu huota ukungu na kushuka daraja. Mkopo wa pembejeo nao haungoji: riba huendelea kuhesabiwa siku kwa siku. Tena hata kipande kikifika, mizani iliyofanyiwa matengenezo haiwezi kutumika katika biashara mpaka ihakikiwe na kupigwa chapa na Wakala wa Vipimo. Kwa hiyo siku kumi za kuchelewa kwa kifurushi kimoja huweza kuzaa siku ishirini za kuchelewa kwa malipo ya wakulima. Ndiyo sababu kufuatilia mzigo si kazi ya mhudumu wa ofisi peke yake. Ni sehemu ya usimamizi wa mali ya wanachama.

NJIA ZA KUFIKIA MPANDA

Anayetaka kuutafuta mzigo, kwanza hana budi kuzijua njia. Kwa mizigo itokayo Dar es Salaam, njia kubwa ni tatu.

Ya kwanza ni reli. Reli ya Kati hutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro na Dodoma mpaka Tabora, umbali wa zaidi ya kilometa 800. Kutoka Tabora treni huelekea magharibi hadi Kaliua, na hapo ndipo linapochepuka tawi la kwenda Mpanda, lenye urefu wa kilometa 210 hivi. Tawi hilo lilikamilika mwaka 1950, na sababu kubwa ya kulijenga ilikuwa madini ya risasi yaliyochimbwa Mpanda. Mgodi ulifungwa, reli ikabaki, na mpaka leo Mpanda ni mwisho wa reli. Jambo la kukumbukwa hapa ni kwamba mzigo wa Mpanda hausafiri na treni ya Kigoma moja kwa moja. Lazima utengwe na mizigo ya Kigoma na Mwanza, na kila mahali pa kutenganisha mizigo ni mahali ambapo mzigo huweza kubaki, au kufuata njia isiyo yake.

Ya pili ni barabara ya Tabora. Mzigo hupita Morogoro, Dodoma, Manyoni na Itigi hadi Tabora, kisha Sikonge, Koga na Mpanda. Barabara ya lami ya Tabora, Koga hadi Mpanda, yenye urefu wa karibu kilometa 343, ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Mei 2022. Kabla ya hapo, wakati wa masika, safari hiyo ilikuwa ni ya kubahatisha.

Ya tatu ni barabara ya kusini. Mzigo hupita Iringa, Mbeya, Tunduma na Sumbawanga, ndipo ukapanda kaskazini kupitia Sitalike hadi Mpanda. Kwa mtu atazamaye ramani njia hii yaonekana kuwa ni mzunguko mkubwa, lakini ni ya kawaida kabisa kwa magari mengi. Mzigo ulioandikwa kwamba umeonekana Mbeya au Sumbawanga usidhaniwe mara moja kuwa umepotea. Huenda uko katika njia yake iliyo sahihi.

Kwa mizigo itokayo Kigoma, iko barabara ya Uvinza ambayo hupita upande wa Mishamo. Na kwa vijiji vya mwambao kama Ikola na Karema, Ziwa Tanganyika lenyewe limekuwa njia ya mizigo tangu zamani, kabla ya reli ya Mpanda kuwapo.

KWA NINI MZIGO HUZUNGUKA

Wanachama wengi hushangaa mzigo wao unapopita karibu na mlango wa chama, kisha ukaenda mbali, kisha ukarudi. Mfano mzuri ni wa vyama vilivyo upande wa Inyonga. Barabara ya kutoka Tabora hupita karibu na mji wa Inyonga, ikiwa bado zaidi ya kilometa 100 kufika Mpanda. Mzigo ulioandikwa anwani ya Mpanda utapita hapo, pengine usiku wa manane, utafika Mpanda, utapokewa na kuandikwa, ndipo urudishwe Inyonga kwa gari jingine siku nyingine. Mwenye mzigo huona kuwa ni uzembe. Lakini sivyo.

Msafirishaji hawezi kuwa na gari kwa kila kijiji. Hukusanya mizigo ya mahali pengi katika kituo kimoja kikubwa, huichambua, huifunga kwa mafungu kufuata mji wa mwisho, kisha huipeleka kwa pamoja. Fungu la Mpanda hufunguliwa Mpanda tu. Dereva hana ruhusa ya kulifungua njiani ili kutoa kifurushi kimoja, kwa sababu fungu likishafunguliwa njiani, hakuna tena awezaye kusema kwa hakika lilipungukiwa wapi. Mzunguko huo, basi, ndio ulinzi wa mzigo. Atakaye mzigo ushushwe Inyonga anatakiwa kulisema jambo hilo siku ya kutuma na kuliandika katika anwani. Kulisema siku ya kungoja hakusaidii.

Sababu ya pili ya kuzunguka ni anwani mbovu, nayo ndiyo inayoweza kuzuiwa na vyama vyenyewe. Mambo matatu yaangaliwe.

Kwanza, jina la mkoa. Mpanda ilikuwa katika Mkoa wa Tabora mpaka Mkoa wa Rukwa ulipoanzishwa mwaka 1974, nayo ikabaki katika Rukwa mpaka Mkoa wa Katavi ulipoanzishwa mwaka 2012. Mpaka leo vitabu vya baadhi ya wauzaji, na hata mihuri ya zamani, huweza kuwa na maneno "Mpanda, Rukwa." Mchambuzi wa mizigo akilifuata neno la mwisho, atautia mzigo katika fungu la Sumbawanga.

Pili, majina yanayofanana. Kibaoni iko Katavi na iko Ifakara. Majimoto nayo si moja katika nchi hii. Mahali penye jina la namna hiyo hapatoshi kutajwa peke yake. Lazima pafuatwe na jina la halmashauri, wilaya na mkoa.

Tatu, majina ya utawala. Mkoa wa Katavi una wilaya tatu, nazo ni Mpanda, Mlele na Tanganyika. Una halmashauri tano, nazo ni Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika. Neno "Tanganyika" likiandikwa peke yake halimwelezi mtu aliye Dar es Salaam kwamba ni wilaya. Yapasa liandikwe kwa ukamilifu: "Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi."

NAMBA YA MZIGO NA MAANA YAKE

Tangu zamani, mizigo mingi inayokwenda pamoja hutambuliwa kwa alama na orodha. Watu wa mwambao wa Katavi wanaifahamu meli ya Liemba. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, vipande vikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, vikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ambako reli ilifika mwaka 1914. Hapo ikaungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915 ikiwa na jina la Graf von Götzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Masanduku 5,000 hayawezi kugeuka meli mwishoni mwa safari kama hiyo ikiwa hakuna ajuaye kila sanduku lina nini na liko wapi.

Siku hizi kazi hiyo ya alama hufanywa na namba ya mzigo. Kwa vifurushi na vipeto vinavyopitia posta, namba hiyo hufuata kanuni ya Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa mwaka 1874 na wenye makao yake Bern, Uswisi. Namba ina herufi na tarakimu 13. Zinaanza herufi mbili, zinafuata tarakimu tisa, na mwisho ni herufi mbili za nchi ulikotumwa mzigo. Herufi za Tanzania ni TZ. Herufi ya kwanza hueleza aina ya huduma: E ni ya EMS, yaani huduma ya haraka, R ni ya barua au kipeto kilichosajiliwa, C ni ya kifurushi.

Tarakimu ya tisa ina kazi ya pekee. Hiyo ni tarakimu ya kuhakiki, iliyowekwa ili kuonyesha kama tarakimu nane za mwanzo zimenakiliwa vibaya. Katibu anaweza kuikagua mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Namba ya mfano iwe EE102530471TZ. Hesabu yake ni hii:

1. Tarakimu nane za mwanzo ni 1, 0, 2, 5, 3, 0, 4 na 7.

2. Kila moja huzidishwa, kwa mfuatano, kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7. Yanapatikana 8, 0, 8, 10, 9, 0, 36 na 49.

3. Jumla yake ni 120.

4. Jumla hiyo hugawanywa kwa 11. 120 kwa 11 ni mara 10, na baki ni 10.

5. Baki hutolewa katika 11. 11 kutoa 10 ni 1. Hiyo ndiyo tarakimu ya tisa, nayo imelingana na namba. (Jibu likitokea kuwa 10, huandikwa 0, likitokea kuwa 11, huandikwa 5.)

Sasa mwenye kunakili akiandika 9 mahali pa 4, jumla huwa 165, baki huwa 0, na tarakimu ya tisa ingepaswa kuwa 5, si 1. Kosa limeonekana. Akigeuza 5 na 3 nafasi zao, jumla huwa 122, na tarakimu ya tisa ingepaswa kuwa 0. Hapa pia kosa limeonekana. Dakika tano za hesabu hii huweza kuokoa siku nyingi za kuulizia mzigo ambao haupo, ilhali wa kweli umekaa kaunta. Ifahamike, hata hivyo, kwamba kanuni hii ni ya posta. Kampuni binafsi za usafirishaji na mabasi zina namba za mtindo wao wenyewe.

KIMYA CHA NJIANI

Anayefuatilia mzigo kwa simu au kwa mtandao hukuta habari za vituo: umepokewa, umeondoka, umewasili, uko tayari kuchukuliwa. Kisha, pengine kwa siku kadhaa, hakuna habari mpya. Kimya hicho huwatia watu hofu kuliko jambo lolote jingine. Sababu zake ni hizi.

Namba ya kifurushi husomwa pale tu kifurushi kinaposhikwa chenyewe. Kikishatiwa katika mfuko na mfuko ukafungwa kwa lakiri, kinachoandikwa katika vituo vya njiani ni namba ya mfuko, si namba za vitu vilivyomo ndani. Mfuko wa Mpanda unaweza kulala Tabora siku mbili bila habari yoyote kuonekana katika namba ya kifurushi. Kimya hakionyeshi kwamba kitu kimepotea, wala hakionyeshi kwamba kiko salama. Kinaonyesha kwamba tangu habari ya mwisho hakuna mtu aliyekishika kifurushi chenyewe. Kwa sababu hiyo, swali la kuuliza ofisini lisiwe "Mzigo uko wapi?" pekee. Liwe: "Mzigo ulitiwa katika mfuko upi, wa tarehe ipi, uliokwenda ofisi ipi?" Swali la kwanza hujibiwa kwa kukisia, la pili hujibiwa kwa kutazama daftari.

Aidha, habari ya "umewasili" yataka kusomwa kwa makini. Kuwasili Dar es Salaam si kuwasili Mpanda. Kwa mzigo utokao nchi za nje, baada ya kuwasili kuna ukaguzi wa forodha, na mzigo hauendelei mpaka hati ya maelezo ya vilivyomo na thamani yake ikubaliwe, na ushuru, kama upo, ulipwe. Anayeagiza kitu kutoka nje amwambie mtumaji aeleze vilivyomo kwa maneno dhahiri. "Kipuri cha mizani" ni maelezo. "Bidhaa" si maelezo.

Mwisho, yako majira na maafa. Mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 ziliharibu Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe, na safari zikasimama kwa miezi. Mzigo wa Mpanda uliokuwa upande wa mashariki wa hapo haukuwa na njia ya reli, hata kama tawi la Kaliua lilikuwa zima. Katibu mwenye busara, kabla ya kuchagua njia wakati wa masika, huuliza hali ya njia yote, si ya kipande cha mwisho tu.

MZIGO WA BASI NA MZIGO WA RELI

Vyama vingi hutumia mabasi kwa sababu ni ya haraka. Upesi huo una hatari yake. Kifurushi anachopewa kondakta stendi, kwa maneno tu, bila karatasi, hakina mwenyewe mbele ya sheria. Kikipotea, kondakta atasema hakumbuki, wakala atasema hakukiandika, na chama kitabaki na namba ya simu isiyopokelewa.

Kwa hiyo mzigo wa basi ukabidhiwe katika ofisi ya mizigo ya basi hilo, nayo itoe stakabadhi yenye mambo haya: tarehe, jina la mtumaji na la mpokeaji na namba zao za simu, vilivyomo, idadi ya vifurushi, thamani iliyotajwa, nauli iliyolipwa, na namba ya usajili ya gari. Muuzaji atume picha ya stakabadhi hiyo kwa katibu siku hiyo hiyo. Namba ya gari ni muhimu hasa, kwa kuwa mzigo uliohamishiwa gari jingine Tabora, Mbeya au Sumbawanga huachwa mara nyingi pale pa kuhamishia. Anayejua gari la kwanza ndiye anayeweza kuanza kuulizia.

Kwa reli, hati ya mzigo hutolewa stesheni ya kutumia, na nakala yake hufuatana na mzigo. Mpokeaji akienda stesheni ya Mpanda aende na namba ya hati, tarehe na jina la stesheni ulikotoka mzigo. Kama haujafika, aulize kama ulitumwa katika behewa la Mpanda moja kwa moja au ulikuwa wa kuhamishwa njiani. Asisahau pia kwamba mzigo uliofika na usiochukuliwa kwa wakati hutozwa gharama ya kuhifadhiwa. Si mara moja wala mbili ambapo mzigo unaolalamikiwa kuwa umechelewa huwa umekwisha kufika, na taarifa yake imetumwa katika simu ya katibu aliyeondoka madarakani.

HATUA ZA KUFUATA

Mzigo ukipita siku zilizotazamiwa, hatua zichukuliwe kwa utaratibu ufuatao.

1. Anwani na namba zihakikiwe. Katibu amwombe muuzaji picha ya stakabadhi na ya maandishi yaliyo juu ya kifurushi chenyewe. Makosa mengi hugunduliwa hapa, kabla ya kwenda ofisi yoyote.

2. Ofisi ya mwisho iulizwe kwanza. Katibu aende Mpanda, au mahali popote mzigo unapopaswa kushukia, aulize kaunta na kwenye sanduku la posta la chama.

3. Mzigo ufuatwe nyuma kituo kwa kituo. Kama haupo Mpanda, iulizwe ofisi iliyoutangulia, kisha iliyo nyuma yake, mpaka ipatikane ofisi inayokiri kuwa iliupokea lakini haiwezi kuonyesha kuwa iliutoa. Hapo ndipo mzigo ulipo, au ndipo ulipopotelea.

4. Malalamiko yaandikwe. Maneno ya simu hayana kumbukumbu. Barua itaje namba ya mzigo, tarehe ya kutuma, vilivyomo, thamani, na habari ya mwisho iliyopatikana. Kwa mizigo ya posta ya kimataifa, malalamiko hupokelewa katika muda wa miezi 6 kuanzia siku inayofuata siku ya kutuma. Chama kinachongoja kwa upole mpaka mwezi wa saba kimejinyima haki yake chenyewe.

5. Rufaa ipelekwe kwa msimamizi. Mtoa huduma asipojibu, au jibu lake lisiporidhisha, malalamiko kuhusu posta na kampuni za vifurushi hupelekwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na yale ya mabasi na reli hupelekwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Nakala za barua za awali ziambatishwe.

Katika hatua zote hizi makatibu wajihadhari na matapeli. Ujumbe wa simu usemao kwamba mzigo umezuiwa forodhani na fedha zitumwe mara moja kwa namba ya simu ya mtu, ni wa kutiliwa shaka. Malipo ya Serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, wala hayaingii katika simu ya mtu binafsi.

HASARA NI YA NANI?

Wanachama wengi huamini kwamba kitu ambacho hakijafika bado ni cha muuzaji. Imani hiyo huweza kukiponza chama. Kwa mujibu wa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, muuzaji aliyeruhusiwa kupeleka mali kwa mnunuzi akimkabidhi msafirishaji, huhesabiwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kuwa amemkabidhi mnunuzi mwenyewe. Maana yake ni kwamba kipande cha mizani kikipotea Sumbawanga, huenda aliyepata hasara ni chama, si muuzaji wa Dar es Salaam.

Dawa yake ni makubaliano ya maandishi kabla ya kulipa. Barua ya kuagiza iseme wazi kwamba mali itahesabiwa kuwa imekabidhiwa itakapopokelewa Mpanda, au mahali pengine palipotajwa. Iseme nani atalipa bima na nauli. Na itaje njia ya kusafirishia. Kwa kitu cha thamani kubwa, thamani yake itajwe kwa msafirishaji na bima ilipwe. Aliyetaja thamani ndogo ili apunguze nauli hawezi baadaye kudai fidia ya thamani kubwa.

DAFTARI LA MIZIGO

Yote yaliyoelezwa hapo juu hayatafaa kitu ikiwa hayaandikwi. Kila chama kiwe na daftari la mizigo iliyo njiani. Halihitaji gharama; daftari la kawaida la shule latosha. Liwe na safu hizi: tarehe ya kulipa na namba ya hati ya malipo, jina la muuzaji, vilivyoagizwa na thamani, njia ya kusafirishia, namba ya mzigo, tarehe uliyotazamiwa kufika, tarehe na majibu ya kila ulizo pamoja na jina la ofisi iliyojibu, tarehe uliyofika, hali yake ulipofunguliwa, na sahihi za waliopokea, ambao wasipungue wawili.

Daftari hili lina kazi tatu. Humsaidia mkaguzi wa hesabu kuona kwamba fedha iliyotoka na mali isiyoonekana ghalani ina maelezo: ni mali iliyo njiani, si mali iliyoliwa. Humsaidia katibu mpya kuendelea pale alipoishia wa zamani. Na zaidi ya yote, huwapa wanachama jibu. Katibu aliye na daftari huweza kusimama mkutanoni na kusema: "Kifurushi kilitumwa tarehe fulani, kwa namba hii. Kiliandikwa Mpanda, Rukwa, kwa kosa la muuzaji. Kilifika Sumbawanga. Barua ya kukirudisha njiani imepelekwa, nakala hii hapa." Wanachama huenda wasifurahi, lakini hakuna atakayesema kwamba katibu amekula fedha.

Inapendekezwa, basi, kwamba kila bodi ya chama cha msingi iipatie nafasi taarifa ya mizigo iliyo njiani katika kikao chake cha kila mwezi, hasa katika miezi ya kuagiza pembejeo na ile ya kabla ya masoko. Vyama vilivyo jirani navyo vyaweza kushirikiana: vikiagiza kwa pamoja na kumteua mtu mmjoa wa kupokea Mpanda, gharama hupungua na mzigo hupata mwangalizi wa kudumu.

Wazee walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mzigo wa chama unaweza kuchelewa kwa mvua, kwa reli kukatika, au kwa kosa la aliyeandika anwani, na mambo hayo hayamo katika uwezo wa katibu. Lililo katika uwezo wake ni kuhakikisha kwamba habari za mzigo huo hazipotei.